Sauti Moja na Kinanda: Historia Fupi ya Istilahi za Uimbaji katika Nyanda za Juu za Kusini

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya upo muziki ambao desturi yake ni nyepesi kuelezwa, lakini ni ngumu kuitafutia jina katika lugha yetu. Mwimbaji mmoja husimama kando ya piano, na mpigaji mmoja huketi mbele ya ala hiyo. Hakuna kwaya, hakuna mavazi ya mchezo wa kuigiza, wala hakuna anayecheza. Kwa muda wa saa moja na zaidi wawili hao hupitia nyimbo za karne tatu au nne na za lugha nne au tano: Kiitaliano cha karne ya 17, Kiingereza cha Handel, Kijerumani cha Schubert, Kifaransa cha Fauré, na aghalabu wimbo mmoja au miwili ya nchi ya mwimbaji mwenyewe.

Tuseme Afisa Utamaduni wa Mbeya au wa Iringa ameombwa kutoa kibali cha shughuli kama hiyo, na mwalimu ameombwa kuliandika tangazo lake kwa Kiswahili. Aina za muziki anazozijua kila mtu ni ngoma, dansi, taarabu na kwaya. Akiandika kwaya, watu watangoja waimbaji arobaini. Akiandika dansi, watakuja wamejiandaa kucheza. Akiandika tamasha, watauliza vikundi vingine viko wapi. Na hata akilipata jina la shughuli, bado atakwama katika jina la ala na jina la sauti ya mwimbaji.

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba ugumu huo hautokani na umaskini wa Kiswahili. Unatokana na historia. Istilahi zetu nyingi za muziki wa nota zilizaliwa kanisani, katika kwaya, na kwa hiyo karibu kila moja inadhania kuwapo kwa watu wengi wanaoimba pamoja. Zinapotakiwa kumtaja mtu mmoja, hupwaya. Nyanda za Juu za Kusini zinatufaa kama mfano, kwani huko, kwa muda usiofika miaka themanini, Kijerumani, Kilatini, Kiitaliano, Kiingereza na Kiswidi vilikutana na Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kikinga, Kibena na Kihehe, na Kiswahili kikawa ndicho mpatanishi.

2. Kinanda kabla ya kupanda milimani

Hapana budi tuanze na neno ambalo wazungumzaji wengi watalikimbilia kwanza, yaani kinanda. Katika Kiswahili cha pwani neno hili lilikuwa jina la ala ya nyuzi, ya jamii ya gambusi na udi, inayopigwa kwa vidole au kwa kijiti huku mwimbaji akiimba. Mwanzo wa neno, basi, ni sauti ya mtu na nyuzi. Lakini ala za kigeni zilipoanza kushuka bandarini, neno lilinyooshwa. Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, alikwisha kuona kwamba kinanda ni ala ya nyuzi na kwamba jina hilo lilitumika pia kwa karibu ala zote za Kizungu. Baadaye hata mashine ya santuri iliitwa kinanda, na ala ndogo ya kupulizwa ikaitwa kinanda cha mdomo.

Maana ya kwanza haikufa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili cha Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, waliitumia katika Zaburi ya 150, ambapo kinanda kimetajwa pamoja na kinubi. Hapo asili ya Kiebrania inazungumzia ala ya nyuzi, na wafasiri walifanya sawa. Ala ya kupulizwa ambayo Biblia ya zamani ya Kiingereza iliifasiri kwa neno la ogani imekuja katika mstari unaofuata, nayo kwa Kiswahili ni filimbi. Lakini muumini wa Rungwe au wa Tosamaganga anayesoma zaburi hiyo leo huona machoni pake kile kilichopo kanisani kwake, yaani ogani au kinanda cha umeme. Neno lilibaki lilelile, ala ikabadilika chini yake.

3. Misheni, lugha na mahadhi

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walianzisha kituo cha Rungwe. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, iliingia Unyakyusa, na baadaye ikaenea Ukinga na Ubena. Upande wa Iringa, Wabenediktini wa Kijerumani walijenga Tosamaganga katika miaka ya mwisho ya karne hiyo. Baada ya vita vya 1914–1918 kituo hicho kikawa mikononi mwa wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia. Katika vita hivyo Wajerumani wa upande wa Mbeya waliondolewa, na Waskoti wa Livingstonia, Nyasa, wakaviangalia vituo vyao mpaka waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili viliwaondoa tena, na kwa upande wa Walutheri wakaja Waswidi.

Kila kundi lilikuja na muziki wake. Wamoravian walikuwa warithi wa Ndugu wa Bohemia, ambao kitabu chao cha nyimbo cha mwaka 1501 huhesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa vya aina yake, na walipenda matarumbeta. Wakatoliki walikuwa na uimbaji wa Kilatini wa sauti moja, usio na ala. Waingereza na Waskoti walipendelea solfa, mfumo wa herufi uliosambazwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Solfa haihitaji mistari mitano wala mashine maalumu ya kuchapia. Mwalimu mwenye taipureta au chaki anaweza kuiandika. Ndiyo maana ilifika vijijini ambako nota za mistari hazikufika. Wimbo alioutunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, ambao Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili, ulitoka katika desturi hiyohiyo ya solfa na kwaya. Kila Mtanzania aliyepita shuleni ameimba tunda lake.

Lakini mapokeo hayakuwa ya upande mmoja. Wamisionari wa kwanza walitanguliza lugha za wenyeji, na haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana kwamba maneno ya Kinyakyusa au ya Kinyiha hayakai vizuri juu ya mahadhi ya Kijerumani. Traugott Bachmann, aliyeanza kazi Mbozi mwaka 1899, anakumbukwa kwa kuwahimiza Wanyiha wamwimbie Mungu kwa mahadhi yao wenyewe, jambo ambalo kwa wakati wake lilikuwa geni. Kwa Wakatoliki njia ilifunguliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao hati yake ya Liturujia ilitolewa Desemba 1963. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Katika historia hii yote, ala ya misheni haikuwa piano. Ilikuwa kwanza ogani ndogo ya miguu, ambayo ni nyepesi kubebwa, haina nyuzi za kulegea, na sauti yake hutoka katika ndimi za shaba zinazopulizwa na mivukuto inayokanyagwa. Kwa watu kama Wakinga na Wapangwa, waliofua chuma tangu zamani, mivukuto haikuwa kitu kigeni. Piano ni samani nzito. Nyuzi zake ni zaidi ya mia mbili, zimekazwa kwa nguvu ambayo ikijumlishwa hufikia tani nyingi, na mbao zake huathiriwa na mabadiliko ya masika na kiangazi. Kuipandisha Iringa au Mbeya ni kazi, na kuitunza isipotoke sauti ni kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo jina la kinanda lilishikwa na ogani, na ogani zilipopisha ala za umeme, jina likahamia huko.

Hapa pana jambo la kutafakari. Piano ina nyuzi zinazopigwa kwa nyundo ndogo. Ogani hutumia upepo, na ala ya umeme haina nyuzi wala upepo. Kwa maana ya asili ya neno, piano ndiyo yenye haki zaidi ya kuitwa kinanda kuliko ndugu zake wote, na ndiyo iliyolikosa jina hilo.

4. Sauti nne na mwimbaji mmoja

Kwaya zetu zina namna mbili za kuzitaja sauti. Ya kwanza ni hesabu: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ya pili ni majina ya Kiitaliano na Kilatini yaliyopitia Kiingereza: soprano, alto, tena na besi. Hesabu ni njia safi na ya Kiswahili, nayo imewatumikia walimu wa kwaya vizuri. Kasoro yake ni kwamba inataja mahali pa mtu katika kundi, haitaji koo lake. Sauti ya tatu ni ya tatu kwa sababu ziko mbili juu yake na moja chini. Mwimbaji akisimama peke yake, ni wa tatu kwa nani?

Tena ziko sauti ambazo kwaya haikuzipa namba. Mwanamume ambaye sauti yake iko kati ya tenori na besi huitwa baritoni, na nyimbo nyingi za Schubert na za wenzake huimbwa na watu wa sauti hiyo. Mwanamke aliye kati ya soprano na alto huitwa mezosoprano. Katika kwaya ya sauti nne hao husukumwa upande mmoja au mwingine, nao wamezoea. Katika shughuli ya mwimbaji mmoja, kuwasukuma ni kuwanyima jina.

Neno tena lina tatizo jingine. Mwalimu akisema, “Imbeni tena,” je, wanatakiwa kurudia, au ni zamu ya wanaume wa sauti ya tatu? Kanisani hutatuliwa kwa kuonyesha kidole. Katika maandishi kidole hakionekani, na mfasiri wa kitabu cha mazoezi hana njia ya kuepuka utata ila kulibadili neno.

Mpigaji naye ana shida yake. Wengine wamependekeza aitwe msindikizaji, lakini katika matangazo ya muziki wa leo kusindikiza ni kazi ya wasanii wadogo wanaopanda jukwaani pamoja na msanii mkubwa au kabla yake. Zaidi ya hayo, neno hilo halisemi kweli. Schubert, aliyefariki mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 31 baada ya kutunga nyimbo zaidi ya mia sita, aliipa piano kazi ya kusimulia pamoja na mwimbaji: farasi anakwenda mbio, gurudumu linazunguka, maji yanatiririka. Ala hiyo haisindikizi mtu. Inasema upande wake wa habari.

5. Mkazo, silabi na tafsiri

Jambo linalowahusu zaidi wafasiri ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Beti za nyimbo za Kijerumani na Kiingereza, kinyume chake, mara nyingi hufunga mstari kwa silabi moja yenye mkazo, na mtunzi huiwekea nota ndefu na nzito. Mfasiri akimalizia mstari huo kwa Bwana, Mungu au roho, silabi ya mwisho, ambayo katika usemi ni nyepesi, hubebeshwa uzito wote. Kusanyiko zima hujikuta likiimba neno kwa lafudhi ambayo hakuna mtu anayeitumia nje ya mlango wa kanisa.

Kuna njia tatu za kutengeneza kosa hilo: kuigawa nota ya mwisho iwe mbili, kuziweka silabi mbili za mwisho juu ya nota zilizotangulia, au kutunga mahadhi mapya. Ya kwanza ndiyo nyepesi, ya tatu ndiyo aliyoichagua Bachmann. Wafasiri wengi hawakuchagua yoyote.

Silabi nazo zina hila. Katika neno mtu, herufi m ni silabi kamili na inadai nota yake. Tena ndiyo yenye mkazo. Ndivyo ilivyo kwa n ya nchi. Lakini m ya mbingu na n ya ndugu hazina silabi yao, hutamkwa pamoja na sauti inayofuata. Mtunzi asiyejua tofauti hii atatoa nota moja kwa mtu na tatu kwa mbingu. Jambo hili si la ndani ya nchi tu tena. Mwaka 2005 mtunzi wa Marekani Christopher Tin aliitungia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwa jina la Baba Yetu, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Mwaka 2011 kazi hiyo ilipata tuzo ya Grammy, na sasa huimbwa na kwaya za mabara mengine ambazo hazina Mswahili hata mmoja. Kiswahili chenyewe kimekuwa mojawapo ya lugha za programu, na kinahitaji maelezo ya matamshi kama Kijerumani na Kifaransa.

Hapo inafaa tutofautishe kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Tafsiri ya kuimba hufuata nota, na ikibidi hutoa sadaka maana. Tafsiri ya kusoma hufuata maana, na haina deni kwa nota. Misheni zilihitaji ya kwanza, kwa sababu watu walitakiwa waimbe wenyewe. Muziki wa mwimbaji mmoja unahitaji ya pili, kwa sababu nyimbo huimbwa katika lugha zake za asili na msikilizaji hushika karatasi yenye tafsiri. Mfasiri aliyelelewa na vitabu vya nyimbo za kanisa aghalabu huleta vina na mizani hata pale ambapo msikilizaji anataka kujua tu kwamba msafiri yule wa wimbo anaondoka usiku na theluji imefunika njia.

6. Majina ya enzi

Programu ya aina hii hupangwa kwa enzi. Katika uhakiki wa fasihi tayari tunayo maneno urasimi na ulimbwende kwa nyakati mbili kubwa za sanaa ya Ulaya. Yanaweza kuazimwa na wanamuziki, lakini kwa tahadhari. Urasimi na urasimu vimetenganishwa na irabu moja, na watumishi wa serikali hawatafurahi kuona tangazo la “muziki wa urasimu” kwa sababu ya kosa la mchapaji. Mlimbwende naye, kwa watu wengi, ni kijana mtanashati au mshindi wa mashindano ya urembo.

“Muziki wa kale” ni hatari zaidi. Huko Kalenga au Tukuyu maneno hayo yataeleweka kuwa ni ngoma za mababu, na mjini yataeleweka kuwa ni dansi za zilipendwa. Neno klasiki limekwisha kuingia, ingawa lina maana mbili: aina nzima ya muziki, na kipindi kimoja tu ndani yake, takriban mwaka 1750 hadi 1820. Anayelitumia aseme anataka maana ipi.

7. Mapendekezo

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 limekuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Baraza la Muziki, lililoundwa mwaka huohuo wa 1974, liliunganishwa katika Baraza la Sanaa la Taifa mwaka 1984. Njia za kusanifisha zipo. Kwa kuzingatia historia iliyoelezwa hapo juu, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

(a) Kinanda kibaki kuwa jina la jumla la ala zenye vibao vya kubonyeza, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, na kila aina iwe na jina lake: piano, ogani, ogani ya miguu, kinanda cha umeme. Katika kufundisha Biblia na ushairi wa kale, mwalimu aeleze kwamba kinanda ni ala ya nyuzi.

(b) Hesabu za sauti ziendelee kutumika kwa kwaya. Kwa mwimbaji wa peke yake yatumike soprano, mezosoprano, alto, tenori, baritoni na besi. Neno tena liachwe.

(c) Anayepiga piano aitwe mpiga piano, na jina lake liandikwe sambamba na la mwimbaji.

(d) Shairi lililotungiwa muziki na mtunzi kwa ajili ya sauti na ala liitwe wimbo wa shairi. “Wimbo wa sanaa” haufai, kwani ungemaanisha kwamba nyimbo nyingine si sanaa.

(e) Shughuli yenyewe iitwe tumbuizo. Neno hili ni la zamani, limetokana na kutumbuiza, na halidai kwaya wala uwanja. Ni kweli kwamba siku hizi wanaotumbuiza mara nyingi ni wale waliokodiwa wakati wageni wanakula, lakini neno likipewa kazi ya heshima litainuka pamoja na kazi yake.

Pendekezo la mwisho lina sababu moja zaidi. Wahehe wana ligombo, ubao uliochongwa shimo katikati na kufungwa uzi unaokwenda na kurudi. Mpigaji huketi peke yake, akapiga na kuimba, na watu wakamsikiliza. Sauti moja na nyuzi zilikuwapo Iringa kabla ya ogani ya kwanza kufika, kama zilivyokuwapo pwani kwa jina la kinanda. Tukiiita shughuli ya piano kwa jina la kigeni na ile ya ligombo “burudani ya asili”, tutakuwa tumezipanga sanaa mbili kwa madaraja kabla hatujazisikiliza. Tumbuizo la sauti na piano, tumbuizo la sauti na ligombo: istilahi moja inawatosha wapigaji wote wawili, na Afisa Utamaduni anaweza kuiandika katika kibali kimoja.